Bibi yangu katoka Vanga, mbona mpakani naulizwa makaratasi?

Wa alaykum salaam warahmatullah mwanangu. Swali lako ni refu kidogo kwa hivo naliweka kwa ufupi hapa ili na wenzio wanaosoma wajue tunazungumza nini. Unasema wewe ni mtu wa Wete, unafanya biashara ndogo, unachukua mikoba na mikeka ya ukili, sabuni za mwani na viungo, unapanda meli ya Tanga, basi mpaka Horohoro, unaingia Lungalunga mpaka Mombasa, na ukirudi unarudi na leso (kanga). Bibi yako mzaa mama katoka Vanga, upande wa Kenya. Ami yako yuko Shimoni, hukohuko Kenya, tangu wewe hujazaliwa na mpaka leo hujui yeye anahesabiwa wa wapi. Kila siku unasikia redioni nchi zetu ni ndugu, lugha moja, utamaduni mmoja, lakini ukifika mpakani unaulizwa makaratasi kama umetoka Ulaya, na safari iliyopita umetozwa pesa bila risiti. Halafu ukauliza, hii Jumuiya ya Afrika Mashariki ilokuwa na Sudan Kusini na Congo ndani, watu ambao hatufanani nao kwa chakula wala kwa harusi, wakati Wangazija (watu wa Komoro) ndugu zetu hawamo, ina maana gani? Si bora nchi zenye utamaduni mmoja zikakaa peke yao?

Mimi zaidi ya miaka 20 kazi yangu ilikuwa kutoa mizigo bandarini na mipakani, na baadae kufundisha wafanyabiashara wadogo hizi sheria za Jumuiya, kwa hivo ntakujibu kama mtu alokaa pande zote mbili za meza. Jibu langu kwa kifupi ni kuwa udugu upo na ni wa kweli, lakini kile kisichoandikwa hakimlindi mtu kama wewe. Kinamlinda tajiri tu, manake tajiri ana simu ya kumpigia mtu.

Tuanze na huo udugu wenyewe, sitaki uonekane maneno ya redioni. Kiswahili wanachosomea watoto leo kuanzia Kigoma mpaka Kisumu msingi wake ni Kiunguja, na kilichaguliwa kwenye mkutano uliokaliwa Mombasa 1928, kisha 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sayyid Ahmed bin Sumeit alozaliwa Ngazija 1861 ndo alokuwa kadhi hapa Unguja. Habib Swaleh nae kazaliwa Ngazija, akahamia Lamu na kuasisi msikiti na chuo cha Riyadha, ambako mpaka leo watu wetu wanakwenda maulidini. Sheikh Abdalla Saleh Farsy mzaliwa wa Unguja akaenda kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, fikiria hilo, mtu wa Unguja anakata masuala ya ndoa na mirathi ya watu wa Mombasa na Lamu kama wa kwao. Hata pesa, tulikuwa na rupia yetu, 1936 tukaingia kwenye shilingi moja ya Afrika Mashariki, ileile ilotumika Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, mpaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa pesa zake.

Sasa tizama kipi katika hayo kimebaki. Oktoba 1963, kabla Kenya haijapata uhuru, Sheikh Muhammad Shamte aliekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar na Mzee Kenyatta walibadilishana barua kuhusu ule ukanda wa mwambao wa maili kumi ambao kisheria ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar. Mwambao ukaenda Kenya, lakini kwenye barua yakaandikwa mambo, uhuru wa dini, mahkama za kadhi zibaki, hati za ardhi za watu ziheshimiwe, watoto wa Kiislamu wasome Kiarabu. Leo ukifungua katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 170 unaikuta mahkama ya kadhi imekaa palepale. Imebaki kwa sababu iliandikwa, na ilipokuja katiba mpya watu walikuwa na kitu cha kushika mkononi, maana kulikuwa na mabishano makubwa sana wakati ule kama ibaki au iondoke. Kwenda na kurudi Vanga kwa mashua bila kuulizwa, jambo ambalo mababu zetu walilifanya miaka na miaka, hakuna alieliandika. Limeondoka.

Na usidhani udugu tu ndo unaovunjika ukiwa hauna karatasi, na karatasi nayo huvunjika. Jumuiya ya kwanza ilitiwa saini Kampala Juni 1967, ilikuwa na reli ya pamoja, bandari, posta na simu, shirika la ndege la pamoja, yaani mambo ambayo leo tunayaota walikuwa nayo. Lakini Kenya ilikuwa na viwanda vingi ikawa inafaidi zaidi na wenzake wakinung'unika, Tanzania na Kenya kila mmoja ana siasa yake ya uchumi, kisha Januari 1971 Amin akapindua Uganda na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa nae meza moja, na ule mkataba ulikuwa umeweka mamlaka yote juu kwa marais watatu, basi marais wasipokutana hakuna kinachokwenda. 1977 ikafa. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya Februari mwaka huo na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Mimi nilikuwa na miaka 11. Baba alikuwa na dada yake Mombasa, Kuze, na alipofariki barua ya msiba tuliipata sisi Pemba arubaini ishapita, ililetwa na baharia mmoja alokuja na mashua, bahasha imeloa maji ya chumvi, wino umetapakaa mpaka tarehe tukaisoma kwa kubahatisha. Baba alikaa kwenye baraza na ile bahasha hakusema kitu mpaka magharibi. Kwa hivo mtu akinambia mipaka ni mambo ya wanasiasa hayatuhusu, mimi nakumbuka ile bahasha. Watu walozikana, waloozana, wenye Kiswahili kimoja, karibu miaka saba walikatwa vipande viwili kwa ugomvi ambao wao hawakuulizwa.

Sasa twende kwenye kile ulichopendekeza, nchi zenye utamaduni mmoja zikae peke yao. Wapo walojaribu. Kila nyumba ya Wete ina mtu Maskati kwa hivo mfano wa kwanza unaujua, nchi sita za Ghuba, Saudia, Imarati, Kuwait, Qatar, Bahrain na Omani, waliunda baraza lao la ushirikiano 1981. Dini moja, lugha moja, nguo moja, makabila yanaingiliana, ndoa zinaingiliana, pesa zipo. Ukitafuta nchi zinazofanana duniani hutapata zaidi ya hizo. Lakini Juni 2017 Saudia, Imarati na Bahrain wakaifungia Qatar mipaka, anga na bahari, mpaka wa Salwa ndo njia pekee ya nchi kavu ya kuingia Qatar ukafungwa, na kuna watu mke yupo upande huu na mume upande ule. Ilikwenda hivo mpaka Januari 2021. Omani na Kuwait hawakufunga, na Kuwait ndo ilosimama kusuluhisha. Udugu wao ni mkubwa kuliko wetu lakini hakukuwa na chombo ambacho kingeweza kumwambia mmoja wao simama hapo, hili huna ruhusa kulifanya.

Mfano wa pili ndo ninaoupenda zaidi na nataka uusome polepole. Nchi za Nordiki, kule kaskazini ya Ulaya, Denmaki, Swideni, Norwe, Iceland na Finlandi. Baraza lao liliundwa 1952, Finlandi ikaingia 1955. Hawa walipigana vita baina yao karne nyingi, kisha wakagundua lugha zao (ukitoa Kifini) ni jamaa, madhehebu yao mamoja, sheria zao zinafanana. Wakafanya nini? Hawakuanza na mambo makubwa. Makubwa waliyajaribu yakashindikana, walitaka muungano wa ulinzi mwisho wa miaka ya 40 haukuwa, walitaka muungano wa uchumi 1970 haukuwa. Kilichofanikiwa ni vitu vidogo vya mtu wa kawaida, kutembeleana bila pasipoti, soko la ajira la pamoja tangu 1954 ukitoka Swideni ukitaka kazi Denmaki unaanza tu, na 1981 wakatia saini mkataba wa lugha ulioanza kazi 1987, kuwa mtu akiwa na jambo lake ofisini, hospitali au mahkamani kwenye nchi ya mwenzake aweze kutumia lugha yake. Na nchi hizohizo hazikukaa peke yao! Denmaki, Swideni na Finlandi wamo Umoja wa Ulaya, Norwe na Iceland hawamo, na baraza lao lipo palepale. Duara dogo la udugu ndani ya duara kubwa la biashara, na hakuna alolazimishwa kuchagua moja.

Kitu chengine kwao, na hichi mtu wa visiwani akikisikia akae sawa. Visiwa vya Faroe vilivyo chini ya Denmaki, na Åland vilivyo chini ya Finlandi vyenye watu takriban elfu thelathini tu, wana viti vyao kwenye baraza lile tangu 1970, na Greenland ikapata 1984. Elfu thelathini, mwanangu, Wete peke yake na vitongoji vyake inakaribia huko. Wanakwenda na bendera yao wanazungumzia samaki zao na meli zao, na Finlandi haijavunjika.

Kwetu mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hivo Zanzibar inaingia Jumuiya kwa jina la Tanzania. Tulijaribu kuingia wenyewe kwenye jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, Disemba 1992, na Agosti 1993 tukatoka, ilizua mzozo mkubwa wa Muungano na wale wa umri wangu wanaukumbuka. Bunge la Afrika Mashariki kila nchi ina wabunge tisa, wa Tanzania wanachaguliwa Dodoma na huwa kuna kundi la wagombea wa Zanzibar, lakini ndani ya Mkataba wa Jumuiya jina la Zanzibar kama visiwa vyenye mambo yake halina kiti. Kwenye mpira tunacho, CECAFA (mashindano ya Afrika Mashariki na Kati) tunacheza kama Zanzibar na kombe tulilichukua 1995. Na jambo moja zuri ambalo watu hawalisemi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake yapo hapa Unguja, ilianza kazi 2015. Rai yangu mimi, na nnaisema kila ninapopata nafasi, ni kuwa hatuhitaji kugombana na mtu kudai makubwa, tudai kwanza kama Åland, kiti kwenye kamati za uvuvi, usafiri wa baharini na biashara ndogo, pale ambapo mambo ya kisiwa hayafanani na ya Mwanza au Dodoma.

Haya, Sudan Kusini na Congo. Hapa mwanangu sikubaliani na wewe na nakwambia kwa mapenzi. Ukisoma Mkataba wa Jumuiya hii ya sasa, ulotiwa saini Arusha 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000, kifungu cha 3 kinasema nchi inaingia kwa vigezo gani, iwe jirani na inategemeana na wanachama, ifuate utawala bora na demokrasia na haki za binadamu, uchumi wake uende na wa wenzake. Hapakuandikwa ivae nini au ile nini. Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Congo 2022, Somalia 2024, sasa ni nchi nane. Wengine hata hivo vigezo vya utawala na amani mtu akivisimamisha kwa haki wanapepesuka, na hilo ni tatizo la kweli, Jumuiya imepanuka haraka kuliko ilivyojijenga. Lakini tatizo la utamaduni silioni. Hebu nenda kaskazini Unguja usiku wa giza mashua zinaporudi na dagaa, asubuhi utawakuta akinamama wanachemsha kwa maji ya chumvi wanaanika, na mnunuzi aliekaa pale kivulini na daftari lake ni Mcongo. Yule mama hajafika Lubumbashi lakini anajua bei ya Lubumbashi. Hawafanani chakula wala harusi, lakini wanategemeana, na wanazungumza Kiswahili, yeye Kiswahili chake cha Congo na mama chake cha Unguja na pesa zinahesabika vilevile. Hapo ndipo mimi napoona kinyume na ulivoona wewe, lugha yetu imefika mbali kuliko damu yetu, tusiifungie.

Na Wangazija kutokuwamo haina maana hatuna ushirikiano nao. Komoro imo SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) pamoja na Tanzania tangu 2018, imo COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) pamoja na Kenya (sisi Tanzania tulitoka COMESA 2000), na ina jumuiya yake ya visiwa vya Bahari ya Hindi pamoja na Madagaska, Morisi, Shelisheli na Réunion ya Ufaransa. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwemo kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokwenda kukirudisha kisiwa cha Nzwani chini ya serikali ya Komoro. Kinachokosekana baina yetu ni vile vidogo, boti ya uhakika, vyeti vya skuli kutambuliwa bila kuzungushwa, mgonjwa kuja kutibiwa bila tabu, cheti cha ndoa cha kadhi wa Moroni kusomeka Unguja siku hiyohiyo. Hivyo havihitaji Komoro kuingia Jumuiya, vinahitaji mkataba wa kurasa kumi na watu wawili wa kuusimamia.

Lakini hata ndani ya Jumuiya, wenzangu tulofanya kazi hii tunajua shida haiko kwenye mkataba, iko kwenye amri za ghafla. Umoja wa forodha umeanza 2005, soko la pamoja 2010, halafu Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kusema yana sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), malori yakapanga foleni, siku chache baadae ikafungua kwa masharti. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri kuwa wasiokuwa raia wasifanye biashara ndogondogo kadhaa, na Wakenya wakalalamika kuwa wao pia wameingizwa humo. Kila upande ulikuwa na hoja yake, sumukuvu inauwa kweli na vijana wetu wanahitaji kazi kweli, lakini kote amri ilitangulia mazungumzo yakafuata nyuma. Sarafu moja nayo walisema 2024, sasa wanasema 2031. Siku hizi mtu akiniuliza tarehe ya jambo la Jumuiya naangalia kwanza kama bajeti yake imelipwa, kwa sababu michango ya nchi huchelewa na kazi husimama.

Sasa mambo yako wewe, na hapa chukua kalamu.

Kuingia Kenya kitambulisho cha Taifa au cha Mzanzibari Mkaazi hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana wao kwa wao tangu 2014 watu wao wapite kwa vitambulisho, Tanzania haikuwamo. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji kama pasipoti bado. Ukiwa nayo unagongewa bure na kwa sheria ya soko la pamoja unaweza kupewa mpaka miezi sita. Huo ni muda wa kukaa na kutembea, kazi ya kuajiriwa ina ruhusa yake mbali na kuvua baharini kuna leseni yake mbali, wengi wanachanganya hapo ndo wanakamatwa.

Mzigo wako. Mikoba, mikeka, sabuni za mwani, viungo, vyote vimetengenezwa au vimelimwa kwetu, kwa hivo havitozwi ushuru wa forodha ukithibitisha uasili wake. Mzigo ukiwa hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na bidhaa imo kwenye orodha ya biashara ndogo, huhitaji wakala, unajaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani na ofisa anagonga muhuri. Horohoro na Lungalunga ni kituo cha huduma kwa pamoja, maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Kodi ya ndani kama VAT na ada za ukaguzi wa viwango zinaweza kuwepo, cheti hakiondoi hizo, kwa sabuni khasa uwe na alama ya ubora manake ndo wanayoanza kuiuliza.

Na leso zako ndo palipokushika, naamini. Umenunua Mombasa, kutoka kwa muuzaji wa Mombasa, kwa Kiswahili cha Mombasa, ukaona hii ni bidhaa ya Afrika Mashariki. Kunjua leso moja utizame ukingoni, chini ya yale maandishi ya jina la leso kuna maandishi madogo ya kiwanda. Kama imepigwa chapa India basi mbele ya forodha ni leso ya India hata kama imekaa dukani Mombasa miaka mitano, na bidhaa iliyokamilika kutoka nje ya Jumuiya kwa kawaida inatozwa asilimia 25, na zipo zinazotozwa zaidi ya hapo, leso ikiwemo. Ofisa aliekutoza huenda kakosea kiasi na kakosea sana kutokukupa risiti, lakini kukutoza kwenyewe pengine hakukosea. Najua inauma, leso ndo utamaduni wetu wenyewe. Sheria inauliza imetengenezwa wapi, haiulizi inavaliwa na nani.

Kuhusu ile pesa bila risiti. Nimewahi kusimama kwenye kituo kimoja, sikitaji, mbele yangu mama mtu mzima na kapu la mikoba kama yako, ofisa anamwita shangazi, anamuuliza habari za nyumbani, wamecheka mpaka wakataniana, kisha akamwambia shangazi acha ya chai. Yule mama akafungua fundo la kanga kiunoni akatoa. Nilipomuuliza mbona umetoa akanambia, mwanangu, mtoto wetu yule, ntamkatalia vipi. Huo ndo udugu bila karatasi ninaouogopa, unamfanya mnyonge aone haya kudai haki yake. Kwa hivo safari ijayo kuwa na adabu, salimia, cheka, na uombe risiti. Ukinyimwa andika saa, dirisha, kiasi, jina kama liko kwenye beji, upeleke kwa afisa wa dawati la biashara hapo kituoni au wizara ya biashara, kuna mfumo wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha na kila nchi ina kamati yake inayovifuatilia. Jambo likiwa kubwa, la sheria nzima na si la mtu mmoja, Mkataba kifungu cha 30 unampa mkaazi wa kawaida haki ya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha bila kupitia mahkama za nyumbani kwanza, lakini una miezi miwili tu tangu jambo litokee au tangu ulijue. Vikundi vya akinamama wanaweza kulifanya hilo kwa pamoja, mtu mmoja peke yake nisingemshauri.

Nimemuacha ami yako mwisho kwa sababu hilo ndo lililonikaa moyoni. Wavuvi wa Pemba walikwenda dago (kambi za uvuvi) mwambao wa Kenya tangu enzi za wazee, wengine wakaoa wakabaki, Shimoni, Vanga, Watamu, Malindi. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, na mpaka 2023 wengi wao walikuwa hawana kitambulisho cha Kenya na kwetu hawamo kwenye daftari. Mtu alikuwa anavua hana leseni, anapata pesa hawezi kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, mtoto kafaulu skuli anakwama kwenye karatasi. Na wanazungumza Kiswahili vizuri kuliko wengi waliokuwa wakiwauliza kitambulisho. Wamakonde wa Kenya walitambuliwa 2016, Wapemba wakangoja mpaka 2023 ndipo Rais Ruto alipotangaza kuwatambua kama moja ya makabila ya Kenya na mwaka huohuo vitambulisho vikaanza kutolewa. Siku ile nilizungumza kwa simu na mtu wetu mmoja wa huko, mzee kunishinda, alikuwa anasoma kile kitambulisho chake kwa sauti, jina, tarehe, namba yote, kisha akaanza tena mwanzo.

Muulize ami yako kama alijiandikisha. Kama hakujiandikisha aende kwa chifu wa eneo lake na wazee wawili wanaomjua, achukue na chochote chenye tarehe ya zamani, cheti cha kliniki cha mtoto, kadi ya chama cha wavuvi, risiti ya kodi ya nyumba. Na kama babu yako huku Wete aliacha karatasi yoyote yenye jina lake ami, ipige picha vizuri pande zote mbili umpelekee kabla hujapanda meli.